Mfano Nilioutoa Darasani

Harufu ya paa la tembe likinyeshewa mvua bado hunirudisha utotoni. Nyumba yetu, nje kidogo ya Mungaa, ilikuwa na paa bapa la miti na udongo, na sisi watoto tulipanda juu yake kufukuza ndege wasile uwele. Mwaka ule wa amri ya serikali ya kuhamia vijiji vipya, uwele ulistawi hata ukanipita kimo. Viongozi walipita kuuliza tutahama lini. Baba, mtu mpole asiyependa ugomvi, aliwajibu kila mara, "Wiki ijayo, ndugu zangu." Nyumbani, kwa Kinyaturu, alimwambia mama kwamba hatoki mpaka avune. Nje ya nyumba alimwambia mtu mmoja tu: Mzee Yohana, balozi wetu wa nyumba kumi, rafiki yake waliyelimiana mashamba kwa zamu tangu ujana.

Darasa la sita tulifundishwa Kiswahili na Mwalimu Elia. Huyu hakutosheka na ngeli na insha. Alituuliza neno "ng'ombe" lina uhusiano gani na ng'ombe mwenyewe, na kama mtu anayesema "naahidi" amesema tu au ametenda jambo. Kwamba hiyo ndiyo falsafa ya lugha nilikuja kujua chuo kikuu. Nilimpenda mwalimu yule, nasema wazi, kuliko hata wajomba zangu.

Siku moja alitueleza kwamba maneno ya mtu na makusudio yake vinaweza kupishana, akataka mfano kutoka maisha yetu. "Semeni bila hofu," akatuambia. "Ya humu yanabaki humu. Nawaahidi." Nikasimama, nikaeleza kwamba baba akisema wiki ijayo huwa anakusudia baada ya mavuno. Mwalimu akasema, "Vizuri sana, Neema." Wenzangu wakanipigia makofi, nami nikaketi kichwa kimevimba.

Siku ya tatu mgambo walikuja asubuhi. Walipanda juu na majembe, wakabomoa paa, udongo ukaangukia vyungu vya mama. "Mzee, tumeshaambiwa wiki yako ijayo ni lini," mkubwa wao alimwambia baba. Punje za uwele zilikuwa bado maziwa. Kijiji kipya kilikuwa mbali, na shamba lote tukawaachia ndege.

Nilimfuata mwalimu ofisini, nikamwuliza. Hakuinua macho kutoka kwenye madaftari. "Niliulizwa, Neema. Ningesema nini?" Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa nimekivaa kwa furaha. Hasira ile haijanitoka. Lakini kwa baba, msaliti alikuwa Mzee Yohana. Hakumwamkia tena, na tangu hapo alilima peke yake.

Leo mimi ndiye ninayewafungulia wanafunzi somo hili. Vijana wa sasa hawaogopi kitu, huanza, "Baba yangu husema..." huku wanacheka, nami huwakatiza na kuwaambia watunge mfano. Nimewaeleza mamia yao jinsi neno moja linavyoweza kutenda jambo. Baba alipofariki, Mzee Yohana alikuja mazishini, akasimama mbali, kofia mkononi, akingoja mtu wa nyumba ile amkaribishe. Nilimwona. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikapita.