Neno la Baba Mzee na Viatu vya Shemeji

Enzi zetu kule Vihiga hakuna aliyejiendea kichwa kichwa. Kulikuwa na Baba Mzee, mkuu wa kanisa letu la kanzu nyeupe na ngoma, ambamo ukiingia na viatu ulitazamwa kama umeingia na ng'ombe. Baba yangu aliponunua redio, ilipelekwa kwanza kwa Baba Mzee. Aliisikiliza mchana kutwa, chai na viazi vitamu vikiingia, kisha akatamka kwamba redio ni ya shetani, isipokuwa wakati wa habari na mpira. Tukatii.

Dada yangu Asenath alipotaka kuolewa na kijana wa kanisa la ng'ambo ya mto, ambako watu walisali na viatu vyao, Mama alilia na Asenath akasusa chakula. Baba Mzee alifumba macho. Sisi watoto tulidhani amesinzia, na nadhani kweli alisinzia. Halafu akasema, "Aolewe. Lakini kijana avue viatu." Yakaisha. Mpaka leo shemeji huvua viatu hata akiingia benki.

Niliyakumbuka haya juzi hapa Dubai, kwenye hoteli ninayofanyia kazi Al Barsha. Tulipokea harusi ya Wayahudi wa makoti meusi na kofia pana, pamoja na rabi wao mkubwa, mzee mfupi asiye na simu ya kisasa. Watu wazima wenye kampuni zao walipanga foleni kwake: huyu aulize amwone daktari gani, yule mtoto aitwe nani. Msimamizi wao wa jikoni akamletea jani la saladi, akishuku lina mdudu, ambaye kwao ni haramu kuliwa. Mzee aliliinua kwenye taa, akatikisa kichwa. Saladi yote ikaenda kwenye pipa, na mpishi wetu mkuu, anayetufokea kutwa, akasema kwa adabu, "Khalas, sir," yaani yamekwisha. Nilitamani kupiga makofi.

Sasa waone vijana wetu. Kevo, mtoto wa huyo huyo Asenath, ninakaa naye chumba kimoja Al Mankhool. Anataka kumwoa Faith, anayefanya kazi kwenye mkahawa kule Jumeirah Lake Towers. Asenath amekataa, eti kanisa la Faith lina taa za disko. Asenath! Kevo akauliza kwenye grupu letu la WhatsApp, ambamo kila mtu ni nabii. Mmoja akamwambia akimbie, mwingine akatuma maombi, wa tatu akatangaza manukato. Akaiuliza roboti ya simuni, ikamwambia afuate moyo wake na pia asikilize familia.

Jana alikaa kitandani kwangu, macho mekundu. "Anko, nimechoka. Faith amesema hangoji tena. Wewe ndiye mkubwa wetu huku. Niamulie tu, mathe nitamwambia ni wewe umesema."

Baba Mzee alikosea mengi, lakini hakuna aliyerudi nyumbani na swali lake. Natamani mzee yule angekuwepo. Nilifumba macho kama yeye, nikaona giza tu, nikaogopa. Nikamwambia Kevo anipe muda nitafakari. Kisha nikajifungia chooni, nikafungua grupu lile lile, nikaandika: "Jamani, naomba ushauri."