Jina la Watoto wa Kuokotwa

Mgahawa nilikohudumu kule The Pearl, mtaa wa kitajiri wa Doha, ulikuwa na jina la ukoo wa Kiitaliano juu ya mlango, herufi za shaba. Mpishi mkuu alikuwa na jina hilohilo, na wateja walidhani ndiye mwenye mali. Hakuwa hata ndugu wa mwenye mali. Alitoka jikoni na unga mikononi kuwaeleza: zamani, mjini kwao, watoto waliotupwa waliachwa mlangoni kwa watawa, na wote walipewa jina moja, lenye maana ya mtoto aliyeachwa. Wakakua, wakazaa. Leo ukiliita sokoni, alisema, nusu ya soko itageuka.

Shahada yangu ya sosholojia ilikuwa imenipa tabia ya kutoamini, basi nikamuuliza kama hiyo si hadithi ya kuuzia tambi. Akasema baba wa babu yake alikuwa mmoja wao. Alisema hivyo huku anacheka, na wateja wakampiga picha.

Mwenzangu wa zamu, dada mmoja wa Tanga, hakucheka. Yeye aliokotwa kwenye baraza ya zahanati, akalelewa na mkunga. Jina la baba lililo kwenye pasipoti yake lilitungwa tu.

Mwaka huo akaposwa na dereva wa Kizanzibari. Kwa kuwa hakuwa na ndugu Doha, aliniomba nikae kama kaka yake, tukaazimwa sebule ya familia moja mtaani Fereej Bin Mahmoud. Nyumbani mposaji haji mwenyewe. Huku watu ni wachache, akaja, pamoja na mjomba wake na sahani ya halua. Dada alikuwa amenionya nisiseme uongo.

Mjomba akauliza ukoo. Nikamweleza. Akairudisha sahani kwake taratibu, kama mtu aliyesahau kuifunika.

Akauliza nani atakuwa walii. Nikamjibu kwamba hilo dini ilishalimaliza: asiye na walii, kadhi ni walii wake.

"Dini sawa, kijana wangu. Lakini sisi tuna ukoo. Wajukuu zangu nitawaambia shina lao liko wapi?"

Mjomba huyo naye alikuwa dereva, wa nyumba moja ya matajiri, na kila Ijumaa aliwaleta mabosi wake pale mgahawani kwetu, akawafungulia mlango wa gari chini ya jina lile. Nikamwambia jina lenyewe lilitoka wapi.

"Hao Wazungu," akasema.

Kwa hiyo Mzungu akiokotwa ni historia, sisi tukiokotwa ni najisi? Nani alipanga hivyo? Na huo ukoo wake, nani aliwahi kuuhakiki hadi mwisho? Nilimuuliza yote hayo, heshima za mjomba, sheikh na shikamoo zote zikiwa zimeniisha kinywani. Mposaji alikuwa anatazama kikombe chake cha chai.

Kesho yake, tukikunja vitambaa vya meza, nilimsimulia dada yote, naye akaniuliza swali moja tu.

"Na mposaji mwenyewe alisema nini?"

"Alinyamaza."

Akamaliza kukunja kitambaa alichoshika.

"Basi kamwambie mjomba wake kwamba mimi ndiye niliyekataa."

Ijumaa nilimkuta mjomba kwenye maegesho, ameegemea gari la mabosi. Nikamfikishia neno kwa neno. Akaniambia nishushe sauti, watu watasikia. Nikalirudia, kwa sauti ileile.