Kijibwa na Ndoo ya Mama

Mama alikubali mbwa kwa sharti moja: mbwa asimguse yeye. Tulikuwa tumeibiwa kuku wote pamoja na mtungi wa gesi, tena mchana kweupe, mimi nikiwa kazini Malindi, hapa hapa mjini, kwenye ofisi ya tiketi za boti na yeye akiwa chumbani anasali. Mbwa wa ulinzi dini haimkatazi, hilo mama alilijua kuliko mimi. Shughuli iko kwenye mate. Mbwa akikulamba huoshi mara moja ukaondoka, unaosha mara saba, na moja kati ya hizo ni kwa udongo.

Basi nikaleta kijibwa cha miezi miwili nyumbani kwetu Mpendae, cha rangi ya kahawia, tumbo limevimba kama andazi.

"Mcheza na mbwa huingia naye msikitini," mama akanambia siku hiyo hiyo.

Nikamjibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nilikuwa nimeshajiona mwalimu.

Na kweli, mengine yalikwenda. Kazini nilikuwa nimeomba zamu ya alfajiri, adhuhuri niko nyumbani. Kila akiamka na kila akimaliza kula nilimpeleka kwenye kona ya ua, chini ya mpapai, nikasimama pale mpaka afanye haja yake, nikamsifu kama aliyefaulu mtihani. Baada ya wiki tatu alikuwa anakwenda mwenyewe. Meno yalikuwa yanamwasha, akatafuna kandambili zangu jozi mbili, nikampa kipande cha kumbi la nazi akakitafuna hicho. Akiniuma mkono nilinyanyuka na kuondoka, mchezo umekwisha. Hakupenda kuachwa peke yake, kwa hiyo alijifunza haraka.

Kilichonishinda ni kuruka. Mama anatoka kutia udhu, miguu bado mibichi, na huyo! Keshamlamba kifundoni. Mama anapiga ukelele, mimi natoka jikoni mbio, nachota ndoo, nachimbua udongo kwenye shina la mpapai, tunaosha huku tunahesabu kwa sauti ili tusikosee. Mbwa naye anazunguka majini, anabweka kwa furaha. Nilimkemea, nikamtisha kwa kandambili, akaidaka kandambili.

Jumatatu moja mama alilambwa adhuhuri, akalambwa na alasiri. Tulipomaliza ya pili alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, anahema.

"Nsikilize, mwanangu. Mie mtu mzima, na magoti yangu unayajua. Siwezi kila sala kuoshwa kama maiti. Nampa mpaka Ijumaa. Akingusa tena baada ya hapo, nnakwenda zangu Mangapwani kwa dada, na sirudi mpaka jibwa hilo litoke."

Mama hatishii mtu bure. Tangu baba afariki tumebaki wawili, na nyumba ile bila yeye siiwezi, nasema wazi. Lakini mbwa nilikuwa nimeshampenda, na hilo niliona haya kumwambia.

Jumatano maji yalikatika. Alasiri nikasikia ukelele wa mama, nikatoka. Mbwa hakuwa miguuni pake tena. Alikuwa amekwenda kukaa kando ya ndoo, mkia unafagia saruji. Ndoo ilikuwa tupu. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

Hapo nikajiona mjinga. Wiki zote hizo tulimfundisha sisi wenyewe: lamba mguu wa bibi, utapata kelele, maji, tope na watu wawili wa kucheza nawe. Nani angekataa?

Nikamweleza mama, hakufurahi.

"Yaani mie ndo nifundishwe?"

"Sote, mama."

Nikamwambia ndoo itahamia nyuma ya nyumba. Mbwa akija, mama asipige kelele wala asikimbie. Asimame, afunge mikono, asimtazame. Akikaa chini, mimi nitampa dagaa mmoja.

"Kusimama kimya najua," akasema. "Nasimama mara tano kwa siku."

Alhamisi alilambwa mara mbili. Alisimama wima, midomo inacheza, sijui ilikuwa dua au matusi, na sikuuliza. Tukaenda nyuma, tukaosha kimyakimya, mbwa kabaki uani peke yake. Ijumaa akalambwa mara moja. Nikangoja mama aanze kufunga mkoba. Akaenda kutandika mswala, nami sikumkumbusha. Wiki iliyofuata mbwa alikuwa anakuja mbio, anasita hatua mbili mbele yake, anakaa. Dagaa ziliisha, akaendelea kukaa.

Halafu dada yake mama akaugua, mama akaenda Mangapwani kumuuguza, siku kumi. Mbwa alilala mlangoni kwake, kidevu juu ya kandambili za mama. Hakuzitafuna.

Siku mama aliporudi nilikuwa nimeshika lango. Mbwa akatoka mbio kutoka kona ya mpapai, nikasema leo basi tena. Alipofika hatua mbili akakaa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, analia puani, lakini makalio hayakunyanyuka.

Mama alisimama kafunga mikono kama tulivyokubaliana. Kisha akautua mkoba uliokuwa begani.

"Mwanangu."

"Naam."

"Kaweke maji na udongo kule nyuma," akasema. "Asione."

Akainama na magoti yake yale yale, akampa mkono alambe.