Maxine huondoka ili apate kufika

Giza la Februari bado limeulalia mfereji, na Maxine Tranter anatoka kinyumenyume kwenye boti yake, kofia ya sufi imemfika nyusi, anaufunga mlango kwa goti kwa sababu mikono yote miwili iko mifukoni.

Nyumba anayofanyia kazi iko juu ya ukingo, nyuma ya ua wa michongoma, hatua chache tu kutoka alipofunga kamba. Angepiga chafya, aliyemo ndani angemwombea afya.

Lakini Maxine anaipa mgongo nyumba hiyo na kushika njia ya kando ya mfereji, kuelekea kusikokuwa na kazi.

"Twende, usinisubirishe," anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye bado anatafuta pa kukanyaga kwenye utelezi. "Nikisimama naganda. Nikiganda naanza kufikiri, na nikianza kufikiri siku imekwisha."

Anatembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Macho yake hayatulii. Mara yako majini, ambako barafu nyembamba imeshika pembeni, mara kwenye mizizi ya miti, ambako maua madogo meupe yameanza kuchomoza kabla baridi haijaondoka. Chini ya daraja korongo amesimama kwa mguu mmoja, hana habari na mtu.

Mwanamke anayetembeza mbwa anapishana naye na kucheka. "Umeanza tena kwenda usikokwenda, Max?"

"Na wewe umeanza tena kutembezwa na mbwa, Pauline!"

Akifika kwenye daraja la matofali, Maxine analigusa ukutani kwa kiganja, anageuka, na kurudi njia ile ile. Hapo ndipo siku yake ya kazi inapoanza.

Maxine ana miaka hamsini na saba, na kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaosha, kuwavisha, kuwapa chai na dawa. Hulipwa kama pauni kumi na mbili kwa saa, na saa huanza kuhesabiwa anapobonyeza kengele ya mlango. Mwendo haulipwi. Gunia moja la makaa ya jiko lake humeza zaidi ya saa nzima ya kuwafungia watu vifungo.

Amezaliwa katika mji huu wa viwanda vya vyombo vya udongo, ambako mama yake, Edna, alichora maua kwenye vikombe. Walihama nyumba hadi nyumba kila kodi ilipopanda, na mtoto akakua akijua kufungasha mizigo kuliko kuifungua. Alipoolewa alipewa nyumba na kochi.

"Mume wangu alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya," anasema. "Alipenda kochi lake. Mimi kochi linanichoma. Nikikaa jioni mbili tatu nahisi siafu miguuni."

Waliachana bila kurushiana sahani. Yeye akanunua boti ndefu nyembamba, akaiandika ubavuni jina la mama yake, na akaingia katika maisha ya mfereji, ambako boti isiyo na gati la kudumu haina ruhusa ya kulala mahali pamoja zaidi ya wiki mbili.

"Wengine huiona sheria hiyo ni adhabu," anasema Maxine. "Mimi nilipoisoma nilisema, hatimaye kuna aliyenifikiria."

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Maxine amekula yake miaka tisa sasa, na bado ana hamu.

Katika miaka hiyo, mtu aliyefaidi zaidi kuhamahama kwake ni Wilf Oakden, mzee wa miaka themanini na minane, aliyefanya kazi kwenye matanuri ya vyombo hadi yalipozimwa. Kila Jumapili yeye na marehemu mkewe, Connie, walitembea kando ya mfereji, mvua au jua. Sasa miguu imegoma. Kitanda chake kimeshushwa chumba cha mbele, kikaelekezwa dirishani, na mzee ameweka sharti moja: hakuna soksi kabla ya habari za njiani.

Kwa kuwa nyumba ya Maxine ilihama kila wiki mbili, na njia yake ya kwenda kazini ilibadilika. Majira ya joto alipitia kwenye mashamba ya ngano, akamletea mzee masuke mfukoni. Majani yalipoanza kugeuka rangi alitokea upande wa msitu, vidole vimepakwa wekundu wa matunda ya miiba. Mzee alisafiri akiwa amelala, bila kuhitaji viatu.

Mambo yaliharibika Oktoba.

Maxine alikuwa na mazoea ya kuifuata pua ya boti asubuhi, kwa sababu daima aliiegesha ikielekea kwa Wilf. Jumapili moja aliigeuza boti ili akajaze maji. Jumatatu aliamka na ukungu mzito, usingizi ukiwa bado machoni, akashuka, akaifuata pua. Alikwenda mwendo mrefu, akawaza habari za kumpelekea mzee, mpaka akakutana na lango la maji, la kuinulia na kushushia boti, ambalo halikutakiwa kuwa pale.

"Nililitazama lile lango kama linanidanganya," anasema. "Halafu nikageuka. Nilikimbia. Sijakimbia vile tangu shule."

Wilf alikuwa sakafuni chini ya dirisha. Alimngoja, hakumwona, akainuka kwenda kumtazama. Mfupa haukuvunjika, lakini alikuwa baridi kama kikombe cha jana.

Binti yake, Judith, anayeishi mji wa Derby, alikuja siku hiyo hiyo. Hakupiga kelele, jambo ambalo Maxine anasema lingekuwa afadhali. Alisema: kosa moja tena, na baba atahamia nyumba ya kutunzia wazee mjini. Dirisha la chumba ambacho Judith ameshaonyeshwa huko linatazama maegesho ya magari.

Novemba ilipoingia, Maxine alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliomba, akapewa, nafasi ya kuegesha majira yote ya baridi mahali pamoja, chini kabisa ya bustani ya Wilf, ambako hata ukungu wa kukata kwa kisu usingemzuia kufika. Na hakumwambia mzee.

"Ana kiburi huyo. Akijua nimejifunga hapa kwa ajili yake, atanitimua kwa fimbo," anasema. "Halafu nitamletea habari gani? Kwamba nimepanda ngazi za bustani yake?"

Ndipo akaanza safari hii ya kila asubuhi, ya kwenda darajani na kurudi, ili akigonga mlango awe ametoka mahali. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Maxine ameirefusha yake kwa miguu.

Inamtafuna, na hafichi. Miezi mitatu mahali pamoja imemnyima usingizi. Ameupanga upya mkaa, ameosha mapazia yaliyo safi, ameifunga na kuifungua kamba ile ile kwa kukosa la kufanya. Nafasi yake inakwisha siku ya kwanza ya Machi, na baada ya hapo lazima aondoke. Anaitamani siku hiyo mpaka anaona haya, na anaiogopa kwa sababu ya lile dirisha linalotazama magari.

Leo anabonyeza kengele, anajifungulia mlango, anafuta viatu, anaingia akihema kwa nguvu kidogo kuliko anavyostahili.

"Habari kwanza," anasema Wilf kutoka kitandani. Ni mzee mwembamba, mwenye masikio makubwa na macho yasiyopitwa.

"Barafu imeshika pembeni. Korongo yuko chini ya daraja. Na maua meupe yamefika mpaka kwenye kisiki."

"Na leo umetokea wapi, bata wangu?" Ndivyo watu wa huku wanavyoitana kwa mapenzi, na hakuna anayeona ajabu.

"Kule juu. Kona ya shamba la Bagnall."

"Mbali."

"Mbali, ndiyo. Lete mguu."

Wilf haleti mguu. "Basi boti yako ina bomba refu kweli. Liko shamba la Bagnall, na moshi unapita hapa dirishani kwangu."

Soksi inabaki mkononi mwa Maxine. Kutoka kwenye boti, iliyo chini ya ukingo, yeye huona udongo na mizizi tu, na alipoegesha hapo ua ulikuwa bado una majani. Haikumpitikia kwamba mtu aliye juu huona zaidi majani yakipukutika.

"Tangu lini?" anauliza.

"Tangu upepo ulipouvua ule ua nguo. Nakuona unavyotoka. Unakwenda, unarudi, unakuja kunihemea hapa kana kwamba umetoka Uskochi." Mzee anafurahi waziwazi. "Na jana ulinipunja. Hukufika darajani, ulirudi upesi mno."

"Goti liliniuma!"

"Ungeniambia goti. Ukaniambia umemwona mdiria."

"Nilimwona, ndege wa watu, samawati kabisa!"

"Mdiria anakaa ng'ambo ya daraja, mama. Mimi na Connie tulimjua bibi yake."

Maxine anacheka, halafu kicheko kinamgeukia, anakaa kwenye ukingo wa kitanda na kufuta macho kwa soksi ya mzee. "Niliona aibu, Wilf. Nilikukuta sakafuni."

"Ulipotea. Aliyeambiwa asiinuke akainuka ni mimi."

"Sasa mbona ulinyamaza miezi yote hii?"

"Ningesema, ungeacha kutembea. Na wewe ukiacha kutembea, kesho yake umeng'oa kamba. Nani angenivisha soksi? Judith?"

Anavishwa soksi. Kisha, juu ya chai na chapati za nafaka ya oti zilizojazwa jibini, Wilf anatoa shauri ambalo ni dhahiri amelilalia siku nyingi. Machi ikifika, Maxine ahame kama kawaida yake, wiki mbili hapa, wiki mbili kule. Kila akihama amwambie namba ya daraja alilolala karibu nalo. Na kila asubuhi, kabla hajashuka botini, Wilf atampigia simu kumwambia ashike mkono upi.

"Mfereji una pande mbili tu, na mwenzangu umeweza kupotea," anasema mzee. "Acha nikuelekeze."

Judith anapigiwa hapo hapo, sauti ya simu ikiwa wazi chumbani. Anasikiliza mpaka mwisho.

"Baba, unataka wewe, uliyeko kitandani, uwe kiongozi wa njia?"

"Nani mwingine anayeijua?"

Maxine amesimama, amekaa, amesimama tena.

"Na siku usipopiga?" anauliza Judith.

"Siku nisipopiga, atajua nimeanguka kabla hajafunga kamba za viatu. Sasa hivi hujui mpaka mtu afike."

Judith anapumua. Anasema atawapa hadi Pasaka. Anasema pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba Maxine anaweza kumpigia na yeye, wakati wowote. Hakuna aliyeahidiwa zaidi ya hapo, na Maxine haombi zaidi. Ameshaamua atakakolala Machi ya kwanza: daraja la pili kupita msitu, ambako wiki mbili baadaye miti itakuwa na machipukizi na mzee atakuwa na la kuuliza.

"Sijui kama itatosha," anasema akishuka ngazi za bustani, njia fupi ambayo leo kwa mara ya kwanza haifichi. "Pasaka si mbali. Lakini nitakwenda, na nitarudi. Sijawahi kuwa na vyote viwili."

Asubuhi inayofuata giza ni lile lile na barafu imenenepa. Maxine bado anatafuta kofia yake simu inapolia juu ya jiko.

"Kulia," inasema sauti.

"Wilf, bado niko hapa chini yako. Machi haijafika."

"Najua uliko, moshi wako umeshaniamsha. Wewe nenda kulia. Na leo ufike darajani, uvuke. Nataka kujua kama yule mdiria yuko."

Maxine anapata kofia, anaivuta hadi kwenye nyusi, na kushuka.