Harufu ya Zizi

Nilikuwa na tabia chafu ya kujinusa. Nikiamka, kwapa; nikitoka uani, nywele; nikimaliza kufua, vidole. Nimezaliwa kwa wafugaji, bondeni Kamsamba, nikaolewa na mfanyabiashara wa Tunduma, enzi zile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia mjini. Nikajiaminisha kwamba nanuka ng'ombe. Hakuna aliyeniambia. Ushahidi wangu ulikuwa jirani wa chumba cha pili: kila tukikutana uani, khanga usoni! Mshenzi yule. Nilimchukia mpaka nikawa natema mate akipita.

Basi nikajisugua kwa sabuni ya kufulia, nikajipaka losheni ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hadi ngozi ikababuka. Khanga haikushuka.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama alipanda lori la mpunga kuja kumwona mjukuu wake, amepakata kibuyu cha maziwa mgando njia nzima. Alipoinama kumchukua mtoto, harufu ya kile kibuyu ikanipiga. Nikamwambia, "Mama, hebu oga kwanza." Mama yangu mzazi! Hata maji ya kunywa sikuwa nimempa.

Akachukua ndoo, akatoka. Jirani alikuwa uani anaosha vyombo; alipomwamkia mama, khanga ileile juu. Mama akapita, akaingia bafuni. Mimi nikachomoka chumbani, nikamkabili jirani.

"We dada, mama yangu unamzibia pua ana nini?"

"Pua?" Macho yakamjaa machozi. Akashusha khanga. Meno yake ya mbele yalikuwa meusi, mawili yamekatika. "Naficha mdomo, mwenzangu. Na wewe kila ukiniona unakunja uso, unatema mate. Nilijua ni haya meno yanakutia kinyaa."

Loo! Miaka miwili ukuta kwa ukuta, kila mtu na uchafu wake wa kujitungia. Kinyaa kilinishika kweli, safari hii na mimi mwenyewe, na hiki kichwa kilichoona khanga kikatunga kesi, kikahukumu, halafu adhabu kikampa mama.

Mlango wa bafu ukafunguka. Mama alitoka nywele zinachuruzika maji, mikono imekuwa myekundu kwa kusuguliwa. Hakunisogelea. Alisimama mbali kidogo, akaninyooshea viganja.

"Nusa, mwanangu," akasema. "Sasa naweza kumshika?"