Jina Lililoitwa Kando ya Ziwa

Haya sikuyasikia kwa jirani. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mwenye kucheka acheke.

Faith wangu alikuwa na miezi mitatu. Kwetu Sosiot, mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililompigisha chafya ndilo lake. Mama mkwe alinisihi sana. Mimi nikajitia mlokole, nikasema hayo ni ya zamani.

Basi Jumamosi moja mume wangu akatupeleka Kisumu, kuona ile sehemu ya starehe waliyoijenga ukingoni mwa ghuba ya ziwa. Maji yamejazwa mawe na saruji, na juu yake kuna mikahawa, taa za rangi na boti za kukodisha. Alipoenda kupanga foleni ya boti, niliketi na mtoto kwenye benchi.

Bibi mmoja akaja akaketi kando yangu. Viatu vyake vilikuwa vinatoka maji. Akaniongelesha Kikipsigis.

"Huyu mmemuita jina la ukoo?"

"Bado, gogo," nikasema, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu. "Sisi tumeokoka."

Akamwinamia mtoto, akaanza kuita. Taprandich. Huyo ni nyanya ya mume wangu! Tabelga. Huyo ni shangazi yake! Nani alimwambia? Nikamvuta mtoto kifuani.

"Tapkigen," akasema polepole.

Faith akapiga chafya mara tatu.

Niligeuka kumwita mume wangu. Kurudisha macho, bibi hayupo, na pale alipokaa pamelowa chepechepe.

Mama mkwe alipolisikia jina hilo, aliketi chini sakafuni jikoni. Tapkigen alikuwa dada ya baba mkwe. Alizama ziwani, mwili haukupatikana.

"Kila mtoto akizaliwa, hilo jina tunaliruka," akasema.

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Mtoto ameshaitikia. Hiyo hairudi."

Faith sasa ana miaka minne. Ukimwita Faith, hageuki. Wiki jana nilimkuta mlangoni, viatu mguuni, begi mgongoni. Nikamuuliza anaenda wapi.

"Nyumbani," akasema, akinyoosha kidole kule chini liliko ziwa.

Naogopa, sifichi. Nalala nimefunga mkono wake na wangu kwa leso. Wewe mwenye mtoto mchanga, muite jina nyumbani kwako, tena mapema. Ukichelewa, kuna watakaomuita kwao.