Pima Maji ya Mugeta

Ukuta wa kanisa letu hapa Nyasho aliujenga mume wangu, Mugeta, kwa timazi na pima maji alizotoka nazo kwao Butiama. Nenda kaupime hata leo, haujainama. Na ndani ya ukuta huohuo ndimo walimomtangaza kuwa ni mlevi. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Ilianza Februari. Aliamka nyumba ikimzunguka, akatapika siku tatu, zahanati wakampa dawa ya malaria. Kutapika kukaisha, kuyumba kukabaki. Jioni mwanga ukififia alikuwa anashika ua wa kila mtu ili afike nyumbani. Fundi mwashi wa miaka thelathini akaogopa kupanda jukwaa. Na huyu ni mtu ambaye pombe hajawahi kuionja. Hata togwa huinusa kwanza, isije ikawa imechacha.

Jirani yetu Bernado ni mzee wa kanisa. Alimwona mara mbili ameshikilia ua wake. Hakumuuliza unaumwa nini. Alipeleka neno kwa wazee wenzake, na Jumapili moja ya Mei jina likasomwa: Mugeta ametengwa mpaka atubu ulevi wake. Kwetu aliyetengwa hukaa benchi la nyuma, haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, na watu humpa mkono kwa ncha za vidole. Mugeta alikuwa sauti ya nne tangu ujana wake. Miezi minne alikaa nyuma amefumba mdomo.

Septemba akaenda kunyoa kwa Hashimu, karibu na soko. Hashimu akishamaliza kunyoa humkanda mteja kichwa kwa kimashine kinachotetema, kama saluni nyingi zinavyofanya. Kilipogusa mfupa wa nyuma ya sikio, Mugeta alipiga kelele akakumbatia kiti. Hashimu akakizima, akamwangalia usoni, akakiwasha tena.

"Mzee wangu, macho yako yanaruka," akamwambia. "Nikizima yanatulia. Nimenyoaga watu miaka kumi, hii sijaionaga. Nenda kwa daktari wa masikio."

Kinyozi, Mwislamu, ambaye kanisani kwetu hajawahi kukanyaga! Alimtazama mume wangu machoni kwa dakika moja, akaona walichoshindwa kuona wazee saba.

Daktari wa masikio tulimpata mjini Bunda, mwanamke anayeitwa Yunis. Alimvisha Mugeta miwani mizito yenye giza na kamera ndani, macho yake yakaonekana makubwa kwenye skrini.

"Mama, njoo uone," akaniita.

Akaweka mashine inayotetema nyuma ya sikio la kulia. Macho yakaanza kurukia kulia, kulia, kulia. Akaitoa, yakasimama. Akaiweka nyuma ya sikio la kushoto. Bado yakarukia kulekule kulia.

"Ndani ya kila sikio kuna kitu kinachomwambia mtu kama amesimama wima," akasema. "Cha kushoto hakifanyi kazi. Nadhani ni ule ugonjwa wa Februari. Mtetemo ukipita kwenye fuvu, sikio la kulia, lililo zima, linajibu peke yake, na macho yanalifuata."

"Kumbe nina pima maji mbili," Mugeta akasema, "na moja imekufa."

Alicheka. Mimi nilitaka kuvunja kitu. Daktari akamfundisha mazoezi ya kichwa na macho, akatuandikia ripoti.

Niliipeleka mwenyewe kwa Bernado. Akaisoma, akaikunja. "Tumeipokea, mama. Lakini jina limeshasomwa. Asimame tu atubu, tulifunge jambo hili."

"Atubu nini?"

"Ni utaratibu."

Na Mugeta akakubali! "Nimechoka kukaa nyuma, mama Hyasinta," akaniambia. "Nitasema wanachotaka, niimbe." Usiku ule sikuongea naye.

Jumapili wakamwita mbele. Akaenda akiyumba, akashika ukuta wake mwenyewe. Alipofungua mdomo akubali uongo, nikasimama.

"Anayetubu leo ni mimi," nikasema. "Miezi minane, kila mume wangu alipolala, nilikuwa namnusa mdomo. Sikukuta harufu ya pombe hata siku moja. Nilijua. Na mliposoma jina lake hapa nilikaa kwenye benchi hili hili la mbele nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu mbele yenu. Hiyo ndiyo dhambi iliyotendeka. Nawe mzee Bernado, ulimnusa lini?"

Bernado akainama akatafuta kitu kwenye Biblia yake.

Mugeta alikuwa hajui kwamba nilikuwa namnusa. Alinitazama, mimi nikainamisha uso. Kisha akauachia ukuta, akavuka nafasi ile yote bila kushika kitu, akayumba mara mbili, akaja akaketi kando yangu, benchi la mbele. Mpiga kinanda alipoanza, aliimba. Mimi sikuweza.